Mpaka Ijumaa au Kufikia Ijumaa: Viunganishi na Vihusishi vya Kiingereza

Mpaka na hadi za Kiswahili hufanya kazi ambayo Kiingereza kimeigawia maneno mawili, until na by, na hapo ndipo yanapoanzia makosa mengi ya Kiingereza cha barua na cha maofisini. Until ni neno la jambo linaloendelea bila kukatika hadi wakati fulani, kisha likakoma. By ni neno la jambo linalotokea mara moja, wakati wowote kabla ya saa iliyotajwa au saa hiyo yenyewe inapotimia. Sentensi mbili zatosha kuonyesha umbali uliopo kati yake. "She will be in the office until four" maana yake ni kwamba mama huyo yumo ofisini, na saa kumi jioni atafunga mlango na kuondoka. "She will be in the office by four" maana yake ni kwamba pengine sasa hayupo, ila saa kumi itamkuta amekwisha fika. Mgeni atakayebisha hodi saa kumi na nusu kwa kufuata sentensi ya kwanza ataambulia kufuli.

Tangazo la kazi linalomtaka mwombaji apeleke barua "by Friday" linampa nafasi ya kuipeleka Jumatatu, Jumatano au hata Ijumaa yenyewe. Anayeandika "Submit the form until Friday" amemwachia msomaji wa Kiingereza picha ya kuchekesha: mtu anakabidhi fomu ileile, anaichukua, anaikabidhi tena, na hapumziki hadi Ijumaa. Kipimo kiko kwenye kitenzi. Kungoja, kulala, kubaki na kufanya kazi ni mambo ya kuendelea, nayo hufuatwa na until. Kulipa, kufika, kumaliza, kurudisha na kuwasilisha ni mambo ya mara moja, nayo huchukua by. Kuna kipimo kingine cha Kiswahili chenyewe: pale ambapo mpaka inaweza kuondolewa na kuwekwa "kufikia" au "isizidi", Kiingereza kinataka by. Raymond Murphy, katika English Grammar in Use, kitabu cha mwaka 1985 kinachojulikana sana na wanafunzi wa Kiingereza, aliyaweka maneno haya mawili katika somo moja, na alikuwa na sababu, maana kosa hili si la Waswahili peke yao.

Kwa tarehe, "by 30 June" kwa kawaida huihesabu na tarehe 30 yenyewe. Waandishi wa mikataba, wasiopenda mabishano ya baadaye, huandika "on or before 30 June" na kuufunga mlango kabisa.

Kwenye ukanushi lugha hizi mbili zinapatana vizuri. "The bank does not open until nine" ni sawasawa na "benki haifunguliwi mpaka saa tatu". Lakini mpaka ya Kiswahili inakwenda mbali kuliko until, kwa kuwa hutumika pia kwa mahali na kwa idadi. Aliyetembea mpaka Kariakoo hakutembea "until Kariakoo"; alitembea "as far as Kariakoo". Ukumbi unaochukua mpaka watu mia mbili unachukua "up to two hundred people". Until imefungwa kwenye wakati. Till ni neno hilohilo kwa maana, ila kwa tahajia until ina l moja na till ina mbili, jambo linalowasumbua hata wenye lugha yao.

Tangu nayo ina mtego wake, na mtego huo hauko kwenye neno lenyewe, uko kwenye kitenzi kinachoandamana nalo. Mswahili husema "anaishi Tanga tangu 2015", kitenzi kikiwa katika wakati uliopo, na hakuna ubaya wowote. Kiingereza hakikubali "She lives in Tanga since 2015". Kinataka hali timilifu, "She has lived in Tanga since 2015", kwa sababu since huangalia nyuma ilipoanzia habari na kuivuta hadi sasa. Since hufuatwa na mahali pa kuanzia: mwaka, siku, saa, au tukio, kama "since the wedding". Muda wenyewe, yaani miaka mingapi au saa ngapi zimepita, huchukua for: "She has lived in Tanga for ten years". Kosa la "since ten years" linaeleweka lilikotoka, maana "tangu miaka kumi iliyopita" ni Kiswahili safi kabisa. Kwa Kiingereza chaguo ni mawili: "for ten years" pamoja na hali timilifu, au "ten years ago" pamoja na wakati uliopita, kama "She moved to Tanga ten years ago".

Jambo hili lina uzito mkubwa katika barua ya kuomba kazi. "I taught for six years" inamwambia mwajiri kwamba kazi ile imekwisha. "I have taught for six years" inamwambia kwamba mwombaji bado yumo darasani. Mwajiri aliyesoma sentensi ya kwanza ana haki ya kuuliza mwalimu huyo aliacha lini na kwa nini, na mwalimu aliyekuja kwenye usaili akitokea moja kwa moja shuleni kwake hatajua swali hilo limezuka wapi.

For hujibu swali la muda gani. During hujibu swali la lini, na hufuatwa na jina la kipindi: "during the holidays", wakati wa likizo, "during Ramadhan", wakati wa Ramadhani. Kwa hiyo "during three weeks" si Kiingereza cha kawaida. Wiki tatu ni urefu wa muda, nao ni wa for. Maneno yote mawili yanaweza kukaa katika sentensi moja bila kugombana: "He worked in Mombasa for three weeks during the holidays", alifanya kazi Mombasa wiki tatu wakati wa likizo.

Ndugu wa karibu wa during ni while, na hapa Kiswahili kinatoa ufunguo ambao vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza haviwezi kuutoa, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili ya Waswahili. Ufunguo wenyewe ni silabi moja: wa, au ya. "Wakati wa mvua" ina wa, na baada yake lipo jina tu. Kiingereza chake ni during the rain. "Wakati mvua inanyesha" haina wa, na baada yake kipo kishazi kizima chenye mtenda na kitenzi. Kiingereza chake ni while it is raining. Mtindo huuhuu unaendelea kwingine. "Kwa sababu ya foleni" ni because of the traffic, na "kwa sababu barabara zilijaa" ni because the roads were full. "Licha ya ugonjwa" ni despite the illness, na "ingawa aliumwa" ni although she was ill. Penye ya au wa panahitajika kihusishi, ambacho hufuatwa na jina. Pasipo na silabi hiyo panahitajika kiunganishi, ambacho hufuatwa na sentensi.

Ufunguo huo unafungua hata mlango wa tatu. Baada ya "ya" Kiswahili kinaruhusu kitenzi chenye ku-, kama "licha ya kuumwa" au "baada ya kula". Kitenzi cha namna hiyo kimegeuka jina, na Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo kwa kukitia kitenzi -ing mwishoni: despite being ill, after eating. Anayeandika "after to eat" ametafsiri ku- kwa to, tafsiri aliyofundishwa siku ya kwanza ya somo la vitenzi na ambayo hapa haifai. Before na after zenyewe hazibagui, maana hukubali jina, kitenzi chenye -ing, na hata sentensi nzima: after the meal, after eating, after they ate. Ni maneno mepesi kuliko yote katika kundi hili, isipokuwa mahali pamoja.

Mahali hapo ni ukanushi. Kiswahili husema "aliondoka kabla mgeni hajafika", na kitenzi cha pili kimekanushwa kwa -ja-. Kwa fikra ya Kiswahili ni sawa tu, kwa kuwa wakati wa kuondoka mgeni alikuwa kweli hajafika. Kiingereza huachia before yenyewe kazi hiyo ya kukanusha: "She left before the guest arrived". "Before the guest had not arrived" inamvuruga msikilizaji wa Kiingereza, maana imekanusha mara mbili na hajui tena kama mgeni alikuja au la.

Kwa vishazi vya wakati ujao, tofauti iko wazi zaidi. Kiswahili hakina haja ya neno la pekee kama when. Kitenzi chenyewe kinabeba wakati ndani yake kwa -po-, na kama jambo halijatokea bado, kwa -taka- na -po- pamoja: nitakapofika, watakapomaliza, mvua itakapokoma. Alama ya wakati ujao imo humo, inasikika. Mwanafunzi anayeifuata huandika "I will call you when I will arrive", na mwalimu hukata kwa wino mwekundu pasipo kumweleza sababu. Sababu ni kwamba Kiingereza huutaja wakati ujao mara moja tu, kwenye sentensi kuu, na kishazi cha wakati hubaki katika wakati uliopo: "I will call you when I arrive". Sheria hiyo inazishika pia until, before, after, as soon as, once na by the time.

Kuna when nyingine, ambayo ni ya kuuliza, nayo haifungwi na sheria hii. "I do not know when she will arrive" ni sentensi sahihi na will yake. Mswahili ana njia rahisi ya kuzitenga when hizi mbili bila kukariri chochote. Kama Kiswahili chake kina "lini", yaani "sijui atafika lini", will inabaki. Kama kina "-po-", yaani "atakapofika", will inaondoka.

Kuna na -ki-. "Akifika, mwambie aningoje" haisemi kama anayengojwa atafika kwa hakika au kwa bahati. Kiswahili kimeacha jambo hilo wazi na wasemaji huelewana kwa muktadha. Kiingereza kinadai uamuzi. When ni kwa lenye hakika, if ni kwa lenye shaka. "When the rains come, the farmers will plant" imeandikwa na mtu anayeamini masika hayakosi. "If the rains come" imeandikwa na aliyeona ukame. Mfanyakazi anayemwambia bosi wake "If you come back from the meeting, I will give you the report" hakukusudia kutia shaka kama bosi atarudi mzima, lakini ndivyo inavyosikika. Wageni wanaojifunza Kiswahili hupata taabu ya upande wa pili: wanaikuta -ki- na kuuliza ni if au ni when, nao huambiwa ni zote mbili.

Baada ya viunganishi vinakuja vihusishi vitatu vidogo, at, on na in, ambavyo kwa Kiswahili mara nyingi havina mwenzi wowote. "Atakuja Jumatatu", "alizaliwa Aprili", "tutaonana asubuhi": siku, mwezi na asubuhi vimesimama vyenyewe. Kiingereza huweka at kwa saa, on kwa siku na tarehe, in kwa mwezi, mwaka na vipindi virefu. Sehemu za siku huchukua in, kama in the morning, in the evening, ila usiku ni at night. Asubuhi ikiambatana na jina la siku, siku ndiyo inayotawala: on Monday morning. Na panapokuwa na last, next, this au every, kihusishi hakiji kabisa, kwa hiyo "on last Monday" ina neno la ziada. Hapa hakuna mantiki ya kutafuta. Ni mazoea ya wenyewe, na hata wao kwa wao hawapatani, maana Mwingereza husema at the weekend na Mmarekani on the weekend.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni saa na usiku. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu alfajiri, hivyo saa mbili usiku ni at eight p.m., na anayetafsiri mwaliko hana budi kusogeza saa sita. Kasoro na "na" zina wenzi wao kamili: saa mbili kasorobo asubuhi ni a quarter to eight, na saa mbili na robo ni a quarter past eight. Kosa la kawaida ni kutamka to mahali pa past, na abiria akapoteza nusu saa nzima kituoni, au akapoteza basi.

Usiku una hesabu yake. Magazeti na redio za Kiswahili hutumia "usiku wa kuamkia Jumapili", na Kiingereza hakina msemo mmoja unaolingana nao. Ikiwa tukio lilitokea kabla ya saa sita usiku, Kiingereza chake ni on Saturday night. Ikiwa ni baada ya saa sita, ni in the early hours of Sunday. Mwandishi anayeweka on Sunday night amelisogeza tukio mbele siku nzima. Vilevile kwa wazee wa pwani, kwa kufuata hesabu ya Kiislamu ambayo siku mpya huanza jua linapotua, usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia baada ya magharibi ya Alhamisi. Mwaliko wa maulidi ya usiku huo ukitafsiriwa Friday night, wageni wa mbali watafika kesho yake na kukuta mikeka imekunjwa.

"Baada ya siku mbili" nayo haitafsiriki neno kwa neno. Anayezungumza sasa juu ya siku zijazo husema in two days au in two days' time. After two days hufaa zaidi katika kusimulia yaliyopita: "After two days he came back". "Ndani ya siku mbili", yaani zisizidi, ni within two days. Fundi aliyeahidi kazi in two days anategemewa siku ya pili; aliyeahidi within two days anaweza kuleta hata kesho. On time ni kwa saa iliyopangwa, kama treni isiyochelewa. In time ni mapema kiasi cha kuwahi, kama mgonjwa aliyefikishwa hospitali kabla hali haijawa mbaya. At the end huhitaji of na kitu chenye mwisho, mathalani at the end of the month. In the end ni hatimaye.

Maneno ya ukinzani ni machache, lakini yana kosa moja lililoenea kuliko yote yaliyotajwa. Kwa Kiswahili cha kila siku mtu husema "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikwenda kazini". Walimu wengine wa Kiswahili huiona hiyo lakini kuwa ni ziada, na pengine wana haki kwa upande wa maandishi. Masikioni haimkeri mtu. Kwa Kiingereza "Although she was ill, but she went to work" ni kosa lisilo na mjadala. Although hufanya sentensi yake kuwa tegemezi na kuiegemeza kwenye ile ya pili. But huunganisha sentensi mbili zilizo sawa. Sentensi haiwezi kuwa tegemezi na sawa na mwenzake kwa wakati mmoja. Chaguo ni "Although she was ill, she went to work" au "She was ill, but she went to work". Anayeona kwamba sentensi ya kwanza imepungukiwa nguvu anaweza kutia still: "she still went to work". Huo ndio msisitizo ambao Mswahili alikuwa anautafuta alipoiongeza lakini.

Despite haina of. In spite of inayo. Kwa kuwa maana ni moja, watu huchanganya sehemu za maneno hayo na kuandika "despite of the rain", na kosa hili huonekana hata katika ripoti zilizopita mikononi mwa wahariri kadhaa. Despite huandikwa kama neno moja na kufuatwa moja kwa moja na jina: despite the rain. Kama lazima ifuatwe na sentensi nzima, Kiingereza huweka daraja refu, despite the fact that, ambalo ni sahihi lakini zito. Although ingemaliza kazi hiyo kwa neno moja.

Despite yenye kitenzi cha -ing ina hatari nyingine, ambayo haiwi kosa la sarufi bali la maana. "Despite being ill, the manager sent her to the bank" inasema kwamba mgonjwa ni meneja. Kitenzi cha -ing hakina kiambishi cha mtenda kama kitenzi cha Kiswahili, kwa hiyo hujitafutia mwenyewe katika sentensi kuu na kumshika wa kwanza anayemkuta. Ikiwa mgonjwa ni mfanyakazi aliyetumwa, sharti atajwe: "Although she was ill, the manager sent her to the bank". Kiswahili nacho, kwa "licha ya kuumwa", kinaweza kuingia shimo hilohilo.

However ni hata hivyo, na si lakini. Tofauti inasikika redioni kabla haijaonekana kwenye karatasi: msomaji hodari husita kabla ya however, kana kwamba amefika mwisho wa sentensi, na husita tena kidogo baada yake. Maandishi hufuata pumzi hiyo. Kabla yake huwekwa nukta au nukta mkato, na baada yake koma: "The road was flooded. However, the bus arrived". Kuiunganisha kwa koma peke yake, "The road was flooded, however the bus arrived", ni kuifanya iwe kiunganishi, kazi isiyo yake hapo. However inaweza pia kuhamia katikati ya sentensi, "The bus, however, arrived", jambo ambalo but haliwezi. Kwa mazungumzo ya kawaida kuna though ya mwishoni: "The bus arrived, though". Hiyo ni ya mdomoni na ya barua za marafiki. Haifai sana katika barua rasmi.

Upande wa but, Kiswahili ndicho chenye utajiri. Lakini huleta kinyume, bali husahihisha kilichokanushwa, isipokuwa hutoa mmoja kati ya wengi, na Kiingereza huyakusanya yote hayo kwenye neno moja. "She tried but failed" ni lakini. "He is not a doctor but a teacher" ni bali. "Everyone but the driver survived" ni isipokuwa, na hapo but ni kihusishi, si kiunganishi tena. Mtafsiri wa habari anayekutana na but hana budi kuangalia kwanza kama kuna not kabla yake, kisha kama inatanguliwa na everyone, nothing, all na maneno ya aina hiyo.

While na since zina sura mbili, ya wakati na nyingine. While ni wakati au ilhali. Since ni tangu au kwa kuwa. "While the chairman talked peace, his deputy bought guns" yaweza kumaanisha kwamba bunduki zilinunuliwa mwenyekiti akiwa jukwaani, au kwamba hao wawili wana tabia zinazopingana. "Since he left the party, nobody has visited him" yaweza kuwa ni tarehe au ni sababu, na kwenye habari za siasa tofauti hiyo si ndogo. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, Modern English Usage, aliwalalamikia waandishi wanaoitumia while hata pale ambapo and ingetosha. Dawa ipo: whereas hubeba ukinzani tu, na because hubeba sababu tu.

On the contrary huandikwa vibaya kwa sababu wengi huichukulia kuwa "kwa upande mwingine". Maneno haya hukana kilichotangulia: "The work is not finished. On the contrary, it has hardly begun". Anayelinganisha tu vitu viwili vyenye ukweli vyote, kama joto la Mombasa na baridi ya Nairobi, anahitaji by contrast au on the other hand, kwa kuwa baridi ya Nairobi haikanushi joto la Mombasa.

Zinabaki even though na even if, ambazo "hata kama" ya mazungumzo huzimeza zote mbili. Even though ni ya jambo lililokwisha kuwa kweli: "They played even though it was raining", walicheza na mvua ilikuwa inanyesha. Even if ni ya jambo ambalo bado halijulikani: "They will play even if it rains", watacheza, mvua inyeshe isinyeshe. Na humo pia will hukaa kwenye sentensi kuu, haiingii baada ya if.